Nani Atapanda Darini

Unguja ina mapaa ya aina mbili. Kuna paa la makuti, ambalo hakuna anayekaa juu yake. Ukilipanda ni kwa kuliezeka au kuziba tundu, na unapanda kwa tahadhari, mguu juu ya fito, ukijua kwamba ukiteleza utaingia ndani bila kupitia mlangoni. Kisha kuna dari la Mji Mkongwe, bapa na zito, la mawe na chokaa, linalobeba watu, mitungi, nguo zilizoanikwa na, siku hizi, meza za chakula cha usiku. Watu wa nyumba kubwa za mjini walikaa juu ya nyumba zao. Sisi wa Makunduchi tulikaa chini ya zetu.

Ninaandika haya kwa sababu mdogo wangu anaolewa, na anataka harusi yake ifanyike darini. Anataka dari moja tu, la hoteli anayofanya kazi huko Mji Mkongwe, ambako kwa miaka sita amekuwa akipandisha masinia ya vinywaji kwenye harusi za watu wengine. Mimi ni dada mkubwa, kwa hiyo mipango imeniangukia mimi. Bei, idadi ya viti, saa ya kuzima muziki: hayo niliyatarajia. Nilipoyafikisha kwa wazee Makunduchi, hawakuuliza bei. Waliuliza dari ni la nani, nani amewahi kukaa juu yake, na sisi tutafuata nini huko. Hayo ni maswali ya historia, na nimejaribu kuyajibu kama historia.

*

Dari la Mji Mkongwe linaanza na mkoko. Boriti za mikoko, nyingi zikiletwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji, zina urefu wake wa kawaida, na urefu huo ndio uliopima vyumba vya mji mzima: upana wa mita mbili na nusu, labda tatu, hata mwenye nyumba awe tajiri kiasi gani. Ndiyo maana vyumba vya majumba ya kale ni virefu na vyembamba. Majahazi yaliyoleta boriti Unguja yalizipeleka pia Muscat na bandari nyingine za Ghuba, na huko nako vyumba vikafuata kipimo kilekile. Mti mmoja uliwapangia watu wa bahari mbili upana wa kitanda cha harusi.

Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe ya matumbawe, kisha chokaa iliyochanganywa na mchanga na kokoto, tabaka juu ya tabaka. Chokaa hiyo haikuachwa ikauke yenyewe. Ilipondwa. Wageni wa Kizungu waliofika Unguja karne ya 19 waliyaona makundi ya wapondaji juu ya nyumba mpya, wamejipanga safu, wakipiga kwa vigongo vya mbao siku baada ya siku huku wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Kabla dari halijabeba harusi yoyote, lilikuwa limekwisha kubeba ngoma, ila waliopiga ngoma hiyo hawakuwa wageni waalikwa. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku na Sultani Barghash mwaka 1873, kwa shinikizo la Waingereza, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikaondolewa Unguja na Pemba mwaka 1897. Mengi ya madari tunayoyapiga picha leo yalikuwa yamekwisha pondwa kabla ya hapo.

Katika mtaa wa Hurumzi kuna jumba lililokuwa la Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyesimamia forodha ya Sultani. Baada ya 1897 Waingereza walilitumia kulipia fidia, na fidia hiyo walilipwa waliokuwa na watumwa, si watumwa wenyewe. Watu wa mjini husema jina Hurumzi limetokana na neno huru. Leo jumba hilo ni hoteli, na juu yake watu hukaa kwenye mito wakala huku jua likizama baharini. Sioni ubaya kula mahali pale. Ila mtu akiniambia kwamba dari ni mahali patupu, pa upepo na mandhari tu, namkumbusha Hurumzi.

Walioishi na madari hayo kila siku walikuwa hasa wanawake. Mwanamke wa nyumba kubwa hakuzurura mchana. Alitoka jioni au usiku, amejifunika, akitanguliwa na taa na watumishi. Mchana dunia yake ilikuwa ndani, na sehemu ya dunia hiyo iliyokuwa na anga ni dari. Hapo alipunga upepo, akasimamia nguo na viungo vilivyoanikwa, akasemezana na jirani ng'ambo ya kichochoro. Ukingo wa dari ulijengwa mrefu kiasi cha kumficha aliyekaa. Kutoka juu aliuona mji, na mji haukumwona yeye.

Bati lilipoanza kuingia kwa wingi, madari mengi yalifunikwa, kwa sababu mvua ya masika ilikuwa ikipenya chokaa na kuozesha vichwa vya boriti ndani ya ukuta. Ukisimama juu Mji Mkongwe leo unaona zaidi bahari ya mabati yenye kutu. Madari yaliyo wazi yamebaki machache, na mengi kati ya hayo yamefunguliwa upya au kujengwa kwa ajili ya wageni, tangu utalii ulipochangamka miaka ya 1990. Kwa hiyo harusi ya darini, kama anavyoitaka mdogo wangu, si desturi ya kale. Desturi ya kale ilikuwa mwanamke kuitazama harusi ya mtu mwingine akiwa juu.

*

Makunduchi iko kusini kabisa mwa kisiwa, yapata kilomita 65 kutoka mjini. Ukipanda daladala ya 310 utafika, kama una subira ya vituo. Ardhi yetu ni ya mawe. Udongo unakaa kwenye mifuko katikati ya miamba, na mkulima anaijua mifuko yake kama anavyojua watoto wake. Mawe hayohayo ndiyo yaliyojenga nyumba zetu, na ndiyo yanayochomwa kupata chokaa: unapanga magogo, unapanga mawe juu yake, unawasha, unasubiri. Chokaa tuliijua. Mawe tulikuwa nayo kupita mahitaji. Hata hivyo nyumba zetu ziliishia kwenye makuti.

Baba mdogo, ambaye ndiye walii wa mdogo wangu tangu baba yetu alipofariki, alilieleza jambo hilo kwa maneno machache. Dari, alisema, linataka mtu mwenye watu wa kulipondea. Kwetu hakukuwa na mtu mwenye watu; kulikuwa na watu tu.

Historia inamuunga mkono, ingawa haikuwa kwamba kijiji kiliishi bila mabwana. Watu wa kusini na mashariki mwa Unguja waliitwa Wahadimu, jina linalotokana na neno la Kiarabu la mtumishi, na wengi kwetu hawalipendi. Kiongozi wao alikuwa Mwinyi Mkuu. Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, alimwacha Mwinyi Mkuu mahali pake lakini akamgeuza kuwa mkusanyaji: kila mtu mzima alitakiwa kutoa kodi ya riale 2 kwa mwaka, na kazi za mikono zilidaiwa juu ya hapo. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed alijijengea kasri Dunga, katikati ya kisiwa, kati ya 1846 na 1856. Hilo lilikuwa la mawe na ghorofa. Alifariki 1865, mwanawe akafariki 1873, na cheo kikafa nao. Magofu ya kasri yapo mpaka leo, na mtu wa Makunduchi anayekwenda mjini kupitia njia ya kati huyapita bila kugeuza shingo.

Paa la makuti lina tabia moja ambayo dari halina. Halidumu. Baada ya miaka michache linavuja, na huwezi kulirudisha peke yako. Anatakiwa mtu wa kusuka makuti, wa kukata fito, wa kupokezana ngazi, wa kupika. Kwa hiyo kila baada ya muda nyumba inawaita watu wake, na asiyefika anajulikana. Dari lilipondwa mara moja, likawasahau walioliponda. Paa la makuti haliruhusu usahau huo, kwa sababu mvua ijayo utawahitaji tena.

Na mara moja kwa mwaka tunalichoma. Wageni wengi wanaijua Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, na wengi wanaijua kwa picha za wanaume wanaocharazana kwa migomba. Kwa wazee wetu kiini ni kibanda. Kinajengwa kibanda kidogo cha makuti, mtu anaingia ndani, kinatiwa moto, naye anachomoka mbio huku wenzake wakizima na kurusha mawe. Moshi unatazamwa unaelekea wapi, ili mwaka ujulikane utakavyokuwa. Wakati huo wanawake wamevaa nguo zao bora, wanazunguka wakiimba, na nyimbo zao humsema yeyote bila kuomba radhi. Siku hiyo kukosa mgeni nyumbani ni nuksi. Mlango unaachwa wazi, chakula kinapikwa kingi, na anayepita anavutwa mkono aingie.

Huko ndiko anakotoka bibi harusi wetu. Watu wetu wanahesabu heri kwa idadi ya walioingia.

*

Hesabu ndiyo iliyoanza kutugombanisha. Orodha ya kijijini ilifika watu 300 kabla hatujaanza kuwataja wa Jambiani na Kizimkazi. Hoteli ilisema darini wanapanda 40, hawazidi. Mdogo wangu aliposoma ujumbe huo kwa sauti, baba mdogo alicheka akidhani ni mzaha.

Si mzaha. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883 na fahari ya mji mzima, iliporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili. Tangu siku hiyo mtu yeyote anayejua maana ya boriti iliyooza anauliza dari linabeba nini. Fundi mmoja mzee wa chokaa alinifafanulia jinsi watu wanavyolemea kuliko vitu. Tangi la maji linakaa mahali pamoja na uzito wake unajulikana. Watu 40 wanakaa vizuri. Watu 40 wanaocheza kidumbaki wanatua kwa pamoja. Akaniuliza, "Mtacheza?" Nikamwambia sisi ni watu wa Makunduchi. Akasema basi tusizidi 40, na meza nzito ziwekwe kandokando ya ukuta.

Bibi, mama yake mama, hakujali boriti. Tatizo lake lilikuwa magoti, na nyuma ya magoti kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Alisema kwa Kikae, lugha anayoitumia akitaka kueleweka na wajukuu tu, kwamba harusi ni kushuhudiwa. Mume na mke wanajifungia wenyewe, hilo halina shida, lakini kabla ya hapo lazima wawepo watu watakaosema: tulikuwepo. Ukiwa juu ghorofa ya nne, nani alikuwepo? Kunguru?

Nilijaribu kumtetea bibi harusi. Nilisema hata kijiji chetu kina ghorofa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ya Mzee Karume ilijenga majumba ya fleti Michenzani mjini na katika vituo kadhaa vya shamba, Makunduchi ikiwa kimojawapo, na hapo kwa mara ya kwanza mtu wa kijijini alilala juu ya kichwa cha mtu mwingine. Bibi alikubali. Anazikumbuka zikijengwa. Kisha akauliza kama nimewahi kuona harusi ya watu wa fleti ikifanyika kwingine zaidi ya chini, uwanjani, kwenye turubali. Sijawahi. Watu wanashuka. Masufuria ya pilau yanatenga moto kwenye mchanga, mikeka inatandikwa, na anayepita kwa baiskeli anakula.

Mdogo wangu alikuwa kimya muda wote huo. Mwishowe alisema jambo ambalo sikuweza kulijibu. Alisema katika miaka sita amewaona Wajerumani, Waitaliano, watu wa Nairobi na Dar es Salaam wakioana juu pale. Anajua jua linazama upande gani kila mwezi. Anajua kiti gani kinapata upepo. Kitu ambacho hajawahi kukifanya darini pale ni kukaa.

*

Harusi maarufu kuliko zote zilizowahi kuanzia kwenye dari la Unguja haikuwa na mipango hata kidogo, na ndiyo niliyomsimulia bibi, kwa sababu ilikuwa na swali lake lilelile.

Salme binti Said alizaliwa Mtoni tarehe 30 Agosti 1844, binti wa Seyyid Said na suria wa Kisirkasi. Baba yake alifariki baharini mwaka 1856, mama yake katika kipindupindu cha mwaka 1859, na kwa kuingia katika njama ya kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao Majid, aliyekuwa Sultani, alijikuta ametengwa na sehemu kubwa ya jamaa zake. Alikuwa na miaka ishirini na kidogo, ana nyumba mjini, na jirani yake alikuwa mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete. Katika kumbukumbu zake alizochapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza kwamba dari la jirani lilikuwa chini kidogo ya nyumba yake, na kwamba kutoka juu alikuwa akizitazama karamu za wanaume wa Kizungu. Dari lilifanya kazi liliyojengewa: kumwezesha mwanamke kuona asionekane. Safari hii aliyetazamwa alitazama juu.

Kwa sheria na kwa mila hakukuwa na njia ya kuifunga ndoa hiyo Unguja. Mwanamke wa Kiislamu, binti wa Sultani, na mwanamume Mkristo: walii gani angemwoza, mashahidi gani wangekaa? Kufikia katikati ya mwaka 1866 alikuwa na mimba, na maisha yake yalikuwa hatarini. Mke wa tabibu aliyekaimu ubalozi mdogo wa Uingereza alisaidia kupanga namna ya kumtorosha. Usiku wa tarehe 24 Agosti 1866 Salme alishuka pwani na kupanda mashua iliyompeleka kwenye manowari ya Kiingereza, Highflyer. Huko Aden alimzaa mtoto wa kiume Disemba, na tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa na Ruete siku hiyohiyo. Wakaondoka kwenda Ujerumani. Mtoto alifariki njiani. Mume alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu katika nchi ambayo hakuijua hata baridi yake.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo waandishi wengi hulipita haraka. Binti wa Sultani aliwezaje kushuka mpaka pwani usiku bila kuzuiwa?

Jibu lake ni Makunduchi, kwa namna fulani. Usiku ule ulikuwa wa Siku ya Mwaka. Zamani hizo Nairuzi haikuwa sikukuu ya kijiji chetu peke yake. Mji mzima na pwani yote walikoga mwaka. Wanawake walishuka baharini kwa makundi kuoga na kuondoa mabaya ya mwaka uliopita, na mwanamke aliyejifunika akielekea majini hakuulizwa anakwenda wapi. Salme alijificha ndani ya watu. Dari lilikuwa limempa macho, lakini kilichomtoa nchini ni umati wa wanawake wa chini, waliokuwa wakifanya jambo ambalo siku hizi Makunduchi ndiyo imebaki kulifanya kwa ukamilifu.

Unaweza kuuliza Agosti inaingiaje, wakati sisi tunakoga mwaka Julai. Mwaka wa Nairuzi una siku 365 kamili: miongo 36 ya siku kumikumi, ambayo wavuvi na wakulima waliitumia kuhesabia misimu, na siku 5 za ziada. Hauna mwaka mrefu. Kwa hiyo kila baada ya miaka minne unasogea nyuma siku moja dhidi ya kalenda ya ukutani. Tangu 1866 mpaka 2024 kalenda ya ukutani imeongeza siku 39. Toa siku 39 kutoka 24 Agosti na utafika 16 Julai, katikati ya mwezi ambao magari ya wageni hujaa kijijini kwetu. Ni siku ileile. Imekuwa ikitembea taratibu kurudi nyuma, na Makunduchi imetembea nayo.

Bibi alifurahi kwa hesabu hiyo kuliko kwa hadithi yenyewe. Lakini hakuacha swali lake. Akasema: basi yule binti aliondoka katikati ya watu, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba anamuaga. Wanawake wote wale, na hakuna shahidi.

Salme alirudi kuitazama Unguja mara mbili, 1885 na 1888, na hakupata alichokifuata, si urithi wala suluhu na ndugu zake. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg. Miongoni mwa vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, na alizikwa nao.

*

Tumepanga hivi. Wazo la kuifanya Julai, wakati jamaa wote wamekuja kukoga mwaka, tumeliacha, kwa sababu Julai ni kusi, na kusi juu ya ghorofa ya nne litaondoka na mitandio na pengine na wenye mitandio. Itakuwa Januari, kaskazi ikivuma kwa adabu, kabla ya Ramadhani. Nikaha itafungwa Makunduchi, msikitini, na baba mdogo ataoza kwa mkono wake. Turubali litafungwa kwenye miembe ya nyumbani, watu 300 watakula, na kama kawaida watakuwa 400. Bibi harusi atasingwa na kupakwa hina huko kijijini, na somo wake atakaa naye ndani kama inavyotakiwa.

Siku ya pili jioni, wanawake 40 watapanda darini. Hilo lilikuwa sharti la mdogo wangu na wazee walilikubali waliposikia kwamba ni baada ya nikaha. Muziki utazimwa saa nne usiku, kwa sababu majirani wana watoto, na utanyamaza wakati wa adhana. Hakuna picha zitakazorushwa mitandaoni mpaka bibi harusi mwenyewe aruhusu: ukingo wa dari ulijengwa ili walio nje wasione, na katika hilo tutaufuata.

Nilidhani kazi ngumu itakuwa kuchagua hao 40. Nilitayarisha mgawanyo wa haki, upande wa mama wangapi, upande wa baba wangapi, wa kwa bwana harusi wangapi. Mdogo wangu alichukua karatasi akaanza kuandika yeye. Majina mawili ya kwanza sikuyatambua. Nikamuuliza ni jamaa wa nani. Akasema ni wanaoosha vyombo chini, jikoni. Wamefanya kazi pale kuwazidi wote na hawajawahi kupanda juu kukiwa na sherehe. Jina la tatu lilikuwa la bibi.

Nikamkumbusha habari ya magoti. Ngazi ni 82, za mbao, na zimesimama kama za mnarani. Bibi alikuwa amekaa karibu, anachambua mchele, na alikuwa amesikia. Aliuliza kama kwenye kila ghorofa kuna mahali pa kukaa. Mdogo wangu alisema papo. Bibi akasema basi aletewe saa kumi, kabla ya wengine, na mtu amtangulie na kiti.